Hedifoni Zilizoishinda Mashine

Danson Mwandawiro alikuwa mtu wa mashine. Alifanya kazi katika kiwanda cha mkonge karibu na Voi. Mashine hiyo ilikwaruza majani ya mkonge mpaka zikabaki nyuzi nyeupe tupu. Ilinguruma kutoka alfajiri hadi jioni. Danson alianza kusimama kando yake Kenya ilipopata uhuru, na sasa ulikuwa mwaka wa 1984.

Watu wa mashine hawakuzungumza kama watu wengine. Kazini waliongea kwa mikono. Nyumbani walipiga kelele. Danson akiitisha chumvi, jirani wa nyumba ya tatu alijua kwamba mboga za mkewe Gertrude hazikukolea.

Waliishi kwenye laini za wafanyakazi, nyumba za mabati zilizoshikana. Ukipika, jirani ananusa. Ukigombana na mkeo, jirani anasikia mpaka mwisho na kesho anakusuluhisha. Binti yao Wakio alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini hakuwa na cheti. Alikuwa akisoma kwa posta na kwa redio ili apate cheti hicho. Masomo ya redio yalikuja jioni, wakati laini nzima ilikuwa na kelele. Redio haisemi jambo mara mbili. Mtihani ulikuwa mwisho wa mwaka, na aliyeanguka angeachishwa kazi.

"Baba," Wakio alisema siku moja, "ukienda Voi mwisho wa mwezi, nitafutie hedifoni. Zile za kufunika masikio. Si lazima ziwe za bei ya juu."

"Nitakuletea kitu cha maana," Danson akajibu. Alifurahi sana. Yeye hakusoma, na mwanawe alikuwa mwalimu.

Sasa, watu wa mashine walikuwa na desturi yao ya kununua redio. Mtu akinunua redio mjini, anaipeleka kwanza kiwandani. Anaiwasha kando ya mashine. Ikisikika, ni nzuri. Isiposikika, inarudishwa dukani siku hiyo hiyo. Hakuna aliyejua nani alianzisha mambo hayo. Wote waliyafuata, na waliona wamejanjaruka kuliko watu wa mjini.

Kule Voi, mchuuzi mmoja alimwonyesha Danson hedifoni za aina mbili. Za kwanza zilikuwa nyeusi, na vikombe vyake vilikuwa vipana, vyenye mito laini. Mchuuzi alizichomeka kwenye redio, Danson akazivaa akakunja uso.

"Hizi zimekufa," alisema.

"Hazijakufa, mzee. Hizo ndizo walimu hupenda."

"Nipe hizo nyekundu."

Hizo nyekundu zilikuwa na vikombe vidogo vigumu. Zilimbana kichwa. Lakini zilipiga kelele, na Danson akatabasamu. Jumatatu alizipeleka kiwandani, akazichomeka kwenye redio ya mwenzake Kitheka, akasimama kando ya mashine. Alisikia muziki. Akainua kidole gumba. Wenzake wakapiga makofi, ingawa makofi hayo hakuna aliyeyasikia.

Jioni hiyo Wakio alizivaa. Vikombe havikufunika masikio, vilikaa juu yake na kuyakandamiza. Sauti ya mwalimu wa redio ilikuja ikikwaruza, maneno yakipanda juu ya maneno. Wakio akaongeza sauti ili aelewe. Bado hakuelewa vizuri, akaongeza tena. Somo lilipokwisha, masikio yalikuwa ya moto, na ndani yake mlikuwa na mlio mwembamba kama wa nyenje.

"Unasikia vizuri?" Danson aliuliza kutoka mlangoni.

"Nasikia, Baba."

Angesema nini? Baba yake alikuwa amejinyima ili azinunue. Wakio akavumilia. Wiki zikawa miezi. Mwanzoni mlio ulikuwa ukiisha asubuhi. Baadaye haukuisha tena.

Siku moja darasani, mtoto mdogo aliyeitwa Mbithe aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Wakio alikuwa akiandika ubaoni. Mtoto aliomba tena, na tena. Wakio hakumsikia. Mbithe akajikojolea mbele ya wenzake, na darasa zima likamcheka.

Mwalimu mkuu alimwita Wakio ofisini. Hakumfokea, na hiyo ilimwuma zaidi.

"Mwalimu," alisema, "hata ukipita mtihani, nitakuachaje na watoto ambao huwasikii?"

Wakio alirudi nyumbani akalia, akamweleza mama yake. Gertrude akatoka nje kumtafuta mumewe, akamsimamia mbele ya uso, kama alivyozoea.

"Baba Wakio, mtoto anaumwa masikio. Hizo hedifoni zako zinamwumiza."

"Haiwezekani. Nilizijaribu kwenye mashine."

"Basi nenda ukaolewe na mashine. Mtoto atapoteza kazi, na atapoteza masikio."

Danson alikasirika, lakini ndani ya hasira kulikuwa na hofu. Jumamosi alizifunga hedifoni kwenye gazeti, akaenda na Wakio kwa fundi wa redio aliyeitwa Musyimi. Alikuwa na hakika kwamba kuna waya umelegea.

Musyimi aliwahi kuwa mwanajeshi. Kazi yake ilikuwa kupokea ujumbe wa redio, hedifoni kichwani kutwa nzima. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Kila mteja akisema, yeye humgeuzia lile la kulia. Alizivaa zile nyekundu, akazivua upesi kama aliyeungua.

"Nani alichagua hizi?"

"Mimi," Danson alisema. "Nilizijaribu kwenye mashine ya mkonge. Zikaishinda."

Musyimi hakucheka. "Mzee, kitu kinachoishinda mashine hiyo kinalishinda na sikio. Hizi zina kelele, hazina sauti. Kelele ni kubwa lakini maneno hayatengani. Ndiyo maana mtoto alikuwa akiongeza. Sivyo, mwalimu?"

Wakio akaitikia kwa kichwa.

Fundi akatoa hedifoni nyingine kuukuu, alizokuwa amezitengeneza mwenyewe. Zilikuwa na vikombe vipana. "Vaa hizi. Tusiwashe kwanza. Sikio lote limeingia ndani?"

"Limeingia."

"Linakandamizwa mahali? Taya je, inabanwa?"

"Hapana."

"Haya, kaa nazo hivyo. Watu huvaa kidogo tu dukani, wakalipa, halafu nyumbani kichwa kinawauma. Zivae mpaka nimalize kazi hii."

Akarudi kwenye redio aliyokuwa akiiunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha. Wakio alikaa. Danson naye alikaa, akitazama hedifoni zake nyekundu mezani. Fundi alipomaliza, alichomeka waya, akaweka sauti chini kabisa, akatafuta taarifa ya habari.

"Usichague kwa muziki," alimwambia Wakio. "Muziki huficha makosa. Sikiliza mtu akizungumza. Na sauti iwe ya chini. Hedifoni nzuri hukuletea maneno hata ikiwa chini. Unasikia nini?"

Wakio akamsikiliza mtangazaji. "Namsikia hata akivuta pumzi."

"Pande zote mbili?"

"Zote."

Musyimi akaushika waya pale unapoingia kwenye kikombe, akaukunja huku na huku. "Sauti imekatika?"

"Haijakatika."

"Waya hufia hapo. Ukinunua, ukunje kwanza. Na hizi si ghali kuliko zile zako, mzee. Kwenye zile ulilipia rangi." Akamgeukia Wakio tena. "Mama yako akikuita kutoka mlangoni na usimsikie, umezidisha, punguza. Somo likiisha, zivue masikio yapumzike. Na ukisikia ule mlio, usingoje. Sikio linaumia, na halina namna nyingine ya kukwambia."

"Hebu nizione," Danson alisema. Akazivaa. Akasubiri. "Washa basi."

"Imewashwa, Baba."

Danson aliitazama ile redio. Taa yake ndogo ilikuwa inawaka. Akazibana hedifoni kwa mikono yote miwili. Mbali kabisa kulikuwa na kitu kama upepo, hakuna zaidi. Akazivua, akazigeuza, akazitazama ndani.

"Hizi zimekufa," alisema, lakini sasa kwa sauti ndogo.

Aliona Wakio anatazama kitu nyuma yake, machozi yamemjaa. Akageuka. Musyimi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Umeniita?" Danson aliuliza.

Fundi alisogea mbele yake, akasema kwa nguvu, "Nimekuita mara nyingi, mzee."

Hapo Danson alielewa. Alifikiria mchuuzi wa Voi, na hedifoni nyeusi alizozikataa, na zile nyekundu alizomletea mwanawe kwa furaha. Alitaka kumwomba Wakio msamaha. Wakio akamshika mkono.

"Nimekuchagulia kwa masikio ya maiti," Danson alisema.

"Hukujua, Baba."

"Nendeni hospitali, nyote wawili," Musyimi alisema. "Mimi nilichelewa."

Hospitalini waliambiwa ukweli, na haukuwa mtamu. Kelele ya mashine ilikuwa imeua sehemu ya ndani ya masikio ya Danson, ile inayopokea sauti. Ikishakufa, hakuna dawa wala sindano ya kuirudisha. Wakio alikuwa amewahi, lakini si kabisa. Sikio la kulia lingepona. La kushoto lingebaki na mlio wake.

Gertrude alipoambiwa, aliweka mwiko chini. Kisha akamsogelea mumewe, akasema polepole, "Nilidhani umenichoka. Miaka yote hii nakusemesha, hunijibu."

Danson naye alikuwa amedhani mkewe ameacha kumsemesha.

Alimwendea msimamizi wa kiwanda akaomba vifuniko vya masikio kwa watu wote wa mashine. Msimamizi alisema ataangalia. Aliangalia mpaka mwaka ukakaribia kwisha. Danson akaomba ahamishwe kwenye uwanja wa kuanikia nyuzi. Mshahara ulipungua, na Gertrude akaanza kuuza maandazi.

Siku moja Danson aliwaona wenzake wamekusanyika penye mashine. Kitheka alikuwa amenunua hedifoni zake, anataka kuzijaribu. Danson alimvua hedifoni kichwani, akamvuta kwa mkono mpaka nje, mbali na kelele.

"Zijaribu nyumbani kwako, watu wakiwa wamenyamaza," alimwambia. "Sauti iwe chini."

Kitheka alicheka. "Mzee, umekuwa mtu wa mjini?"

"Mvua iliponyesha juzi, wewe uliisikia juu ya mabati?"

"Niliisikia. Nani hakuisikia mvua ile?"

"Mimi. Nilijua imenyesha nilipokanyaga tope."

Kitheka aliacha kucheka. Alizikunja hedifoni zake, akazitia ndani ya shati. Tangu siku hiyo wengine waliacha ile desturi, na wengine wakaendelea nayo, maana watu ni wagumu.

Wakio alisoma na zile hedifoni kuukuu, sauti chini, akipumzika kila baada ya somo. Darasani aliwahamishia watoto wote upande wake wa kulia, na Mbithe akamketisha mbele kabisa. Akafanya mtihani.

Siku ya matokeo Danson alikuwa nyuma ya nyumba, akiosha miguu kwenye karai. Gertrude alipiga vigelegele mlangoni, na wanawake wa laini nzima wakamwitikia. Mpaka mashambani watu walisikia. Danson aliendelea kuosha miguu. Kisha alimwona Wakio akizunguka nyumba, akija kusimama mbele yake. Wakio aliinama mpaka nyuso zao zikakaribiana, akasema taratibu, kwa midomo iliyo wazi:

"Nimepita, Baba."

Danson alikuwa ameelewa, lakini hakuondoa macho kwenye midomo ya mwanawe.

"Sema tena," alisema.