Dubu Aliyefumwa kwa Simu

"Mke wangu, hapa kwenye maelekezo ya dubu wameandika 'moja, ongeza.' Naongeza nini sasa?"

Mama Midoli aliibana simu kwa bega akacheka mpaka sindano ya krosheti ikamponyoka. Mumewe, dereva wa lori, mwanamume asiyeweza hata kushona kifungo cha shati, yuko safarini anafuma dubu! Eti foleni ya kushusha mzigo imemchosha, bora ajifunze kazi ya mkewe.

"Kuongeza ni kufuma mara mbili kwenye tundu moja. Tundu moja linazaa vitanzi viwili. Umeelewa, baba?"

"Nimeelewa."

Jioni ikaingia picha na ujumbe: "Mbona kichwa kimekuwa kabichi?"

Akampigia.

"Umeongeza kila tundu, kila mzunguko! Fumua. Anza na vitanzi sita. Mzunguko wa pili ndio unaongeza kila tundu. Wa tatu, tundu moja fuma kawaida, linalofuata ongeza, hivyo hivyo mpaka duara liishe. Wa nne, mawili kawaida, la tatu ongeza. Upana ukitosha, acha kuongeza, kichwa kitajikunja chenyewe."

"Wewe ni mwalimu. Nakupenda."

Neno hilo lilimlevya. Miaka yote ya ndoa alifumia watoto wa watu, na jina la Mama Midoli alipewa na majirani kwa utani unaouma, maana wa kwake hakujaliwa. Sasa mume anafuma dubu. Kwa ajili ya nani, kama si mtoto wanayemwomba Mungu?

Alimpigia mdogo wake, kitindamimba wao, amgawie furaha. Simu iliita mpaka ikakatika. Tangu binti huyo ahamie mji mwingine kikazi, alikuwa haonekani wala hasikiki.

Kesho yake ikaja picha nyingine: "Je, sasa?"

Kichwa kilikuwa duara kama chungwa. Mama Midoli alianza kuandika pongezi, kisha akaikuza picha. Sindano ilikuwa bado ndani ya kitanzi, na kazi ilikuwa inakwenda kinyume. Anayefuma kwa mkono wa kulia huzunguka upande mmoja. Huyu alizunguka upande wa pili. Mumewe hashiki hata kijiko kwa kushoto.

Mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto aliwahi kufundishwa naye. Alimkalisha mbele yake, wakatazamana kama kwenye kioo, mwanafunzi huyo akaishia kwenye vitambaa vya meza. Midoli ya duara ilimshinda.

Akapiga simu.

"Hongera. Kichwa kimekaa."

"Si nilikwambia!"

"Mpe simu Mashoto."

"Mashoto gani tena?"

"Mpe simu mdogo wangu!"

Alisikia mlango, minong'ono, kisha kwikwi.

"Dada..."

"Miezi mingapi?"

"Dada, nisamehe, sikukusudia..."

"Nimekuuliza miezi."

"Saba."

Alitafuta tusi, tusi likakosekana. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemwogesha huyu, akamsuka, akampeleka shule. Katika maisha yake hakuwahi kulea mtoto mwingine.

"Kwa nini hukuniuliza mwenyewe namna ya kufuma?"

"Ningekuuliza kwa uso gani? Nilitaka tu mtoto awe na kitu kilichotoka kwako."

"Na mume wangu ulimtaka kwa sababu hiyo hiyo?"

Mdogo mtu akaangua kilio. Nyuma yake sauti ya kiume ilikuwa inasema, "Mke wangu, nisikilize." Mama Midoli hakujua ni nani kati yao aliyeitwa mke.

"Chukua dubu wako," alisema, machozi yakimwingia mdomoni. "Sasa unapunguza. Matundu mawili unayafuma pamoja, yanakuwa kitanzi kimoja. Weka pamba kabla hujafunga. Na macho uyadarizi kwa uzi. Usiweke vifungo, mtoto atavimeza."

"Dada, utakuja akizaliwa?"

Akakata simu.

Mlangoni mteja alikuwa anabisha.

"Hodi! Mama Midoli! Mama Midoli, upo?"

Hakuitika.