Kadi ya Kipepeo

Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, Nduku aliita majina ya wanafunzi wa Gredi ya Saba. Yeye ndiye aliyekuwa kiranja. Akifika kwa Salama, darasa zima lilinyamaza kusubiri mchezo.

"Salama!"

"Ni-ni-nipo."

"Sijasikia. Rudia."

Salama alirudia mara tatu, mara nne, huku wenzake wakiangua kicheko. Alikuwa na kigugumizi. Alikuwa amehamia Kyuso muhula huo kutoka Mtito Andei, na hakuwa na rafiki hata mmoja.

Alhamisi moja, Mwalimu Kimeu aliwapeleka kwenye makumbusho ya sayansi mjini Kitui, ambako jengo jipya la utafiti na hifadhi lilikuwa limefunguliwa majuzi. Ndani mlikuwa na makabati marefu ya chuma. Kila droo ilijaa wadudu waliokaushwa na kuchomwa pini, kila mmoja na kadi yake.

Mtafiti, Bwana Kyule, alivuta droo moja. "Kipepeo huyu alikamatwa karibu na kwenu Kyuso miaka sitini iliyopita. Tumetafuta mwingine, hatujampata. Mtazameni kwa macho tu."

Alipogeuka kuwaonyesha hadubini, Nduku alinyoosha kidole. Alitaka tu kugusa ile rangi ya samawati. Bawa likakatika kama karatasi iliyoungua.

Bwana Kyule aliliona. "Nani amefanya hivi?"

Nduku aliingiwa na hofu. Salama alikuwa amesimama kando yake.

"Ni Salama! Nimemwona."

"Si-si-si..." Salama alijaribu.

"Si-si-si!" wenzake wakamwigiza.

"Kugusa ni rahisi, kusema ndiko shida!" mwenzao Mbaluka alipaza sauti, na kicheko kikajaa chumba.

Mwalimu Kimeu hakusubiri. "Umetuaibisha! Nenda ukakae kwenye basi mpaka tumalize."

Salama alitoka akifuta machozi kwa mkono wa sweta.

Bwana Kyule akachukua kadi ya kipepeo na kalamu. "Jina kamili la Salama ni nani? Kila kinachompata mdudu tunakiandika hapa. Hata watafiti wa miaka mia ijayo watasoma."

Nduku alitazama kidole chake. Unga wa samawati ulikuwa umenata kwenye ncha. Angeweza kuupangusa kwenye sketi, na hakuna ambaye angejua. Mwalimu akalitaja jina, na kalamu ikaandika herufi ya kwanza.

"Usiandike!" Nduku akainua kidole chake. "Ni mimi. Salama hakugusa kitu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu Kimeu alikwenda mwenyewe hadi kwenye basi, akamrudisha Salama na kumwomba radhi mbele ya wote.

"Nisamehe, Salama," Nduku akasema.

"Ba-bado," Salama akajibu, akampita kwenda kumwona kipepeo.

Bwana Kyule aliikata ile herufi, akaandika jina la Nduku. Kisha akaweka kalamu chini.

"Umefanya vyema kusema, lakini umechelewa," alimwambia. "Mimi nilikuwa tayari kuandika uongo, na mwalimu wako ameadhibu asiye na kosa, kwa sababu sote hatukumpa Salama nafasi ya kumaliza neno moja. Bawa hili nitalibandika kwa gundi, na kipepeo hasikii maumivu. Mwenzako anasikia. Ukimsingizia mtu kisha ukakiri, unalisafisha jina lake, lakini kuumia ameshaumia. Sema ukweli kabla hujamfikisha hapo."