Barabara Nyeupe ya Kibaha

Saa kumi na moja jioni, saa ambayo babu zetu waliitumia kuzeekea kwenye foleni, kuku mmoja alivuka Barabara ya Morogoro pale Ubungo. Alifika katikati, akasimama, akajikuna, akafikiri mambo yake. Kijiendeshi kimoja kilitokea mbali, kikapunguza mwendo, kikamsubiri amalize. Hakuwa na haraka. Lami yote ile ilikuwa nyeupe, hakuna gari jingine, na kuku aliitumia kama uwanja wa baba yake.

Pazi Mwinyikondo alimtazama kutoka dirisha la ghorofani, kwenye ofisi za Shirika la Njia, akajisemea, "Hapana. Hapa kuna kitu."

Pazi alikuwa fundi wa sauti za mashine, na alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimia kwa furaha, anajipapasa mfukoni.

Aliyemaliza foleni ya Dar es Salaam aliitwa Mpangasafari. Si mtu; ni akili ya kielektroniki iliyofungiwa kwenye ghala baridi huko Pugu. Magari yote ya jiji yalikuwa vijiendeshi, hayana usukani wala dereva wa kutukana. Ukipanda, unataja unakokwenda. Kabla gari halijasogea, Mpangasafari humwita unayemwendea kupitia kidodosi, kile kisanduku kilichobandikwa ukutani katika kila nyumba, na kumuuliza kama anakuhitaji. Akisema ndiyo, safari. Akisema vingine, mlango unafunguka kwa adabu, unashuka, unarudi ndani ukaangalie mpira. Kwa wanaokwenda kazini aliulizwa bosi, na hapo ndipo wengi walipogundua kwamba hawakuwa wakihitajika tangu mwanzo.

Jiji lilishangilia. Watu walipiga picha wakiwa wamelala katikati ya barabara.

Lakini mama yake Pazi, Bi. Siwema, aliishi Kibaha, na tangu masika mwanawe hakuwa amemtia machoni. Kila Jumamosi Pazi alipanda kijiendeshi, na kila Jumamosi alijibiwa: "Mama yako amesema usijisumbue." Kwenye simu mama alikuwa mfupi kama risiti: sijambo, habari za kazi, haya. Pazi aliona haya kumuuliza mzazi wake, "Mbona hunitaki?" Kisha jirani mmoja wa Kibaha, aliyebahatika kuhitajika mjini, alimdokeza kwamba mama anachechemea, na mguu umevimba.

Basi Pazi akamwendea mkuu wake, Bi. Eliamani Mrutu.

"Nataka kusikia sauti ya mama yangu," alisema.

"Mpigie simu."

"Ile aliyomjibia Mpangasafari."

Bi. Eliamani alivua miwani. "Unadhani tunaigiza sauti za wazazi wa watu?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Uso wako umeshasema. Vaa hivyo visikizi."

Pazi alisikiliza, akarudia, akarudia tena. Kutambua sauti bandia ndiyo kazi iliyomlisha, na hapa hakukuwa na ubandia wowote. Ilikuwa pumzi ya mama, na jogoo wa mama nyuma yake. *Mwambie asijisumbue. Mimi sijambo.*

"Ni yeye," alikiri.

"Basi kubali. Labda amepata mchumba. Kibaha kumejaa wastaafu wenye afya zao." Bi. Eliamani alicheka, kisha akalainika kidogo. "Usituone wabaya, Pazi. Swali lile tulilipima sana. Kwanza mashine ilikuwa inasema, 'Mgeni wako yuko njiani, utampikia nini?' Watu wakafurahi, foleni ikafika Mbezi. Tukajaribu maswali mengine. Hili la sasa lilisafisha barabara siku ileile."

"Kwa nini hili?"

"Sisi tulikuwa tunatafuta barabara. Hatukutafuta kwa nini."

Pazi alitoka na shaka mpya, na hii ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Mashine unaweza kuishuku ukalala usingizi. Mama yako je?

Jumamosi aliazima baiskeli ya mlinzi wa ofisi. Baiskeli haina mdomo. Haimuulizi mtu chochote. Alipanda Kimara, akapita Mbezi, akiwa na barabara nzima peke yake, na kadiri alivyokwenda ndivyo alivyozidi kutoipenda. Kando ya njia, kwenye baraza za nyumba, wazee walikuwa wamekaa. Wamevaa kanzu safi, khanga mpya, wengine viatu vya kutokea. Wote wameielekea barabara, na hakuna aliyekuwa akienda popote. Mmoja aliinuka alipomwona Pazi kwa mbali, akakinga macho, kisha akaketi tena.

Kibaha alifika amelowa jasho. Kabla ya kubisha alikagua mlangoni kama kuna viatu vya mchumba. Zilikuwepo kandambili za mama tu.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Mama akafungua mlango. "Karibu, mgeni."

Neno hilo lilimchoma. Mama alimkalisha kwenye kiti chenye kitambaa, kile ambacho Pazi alichapwa utotoni kwa kukirukia, akamletea maji kwenye glasi ya seti. Alitembea ameshika ukuta. Chini ya khanga mguu wa kushoto ulikuwa umejaa kama kinu.

"Mguu huo, mama?"

"Umechoka tu."

"Umeuonyesha hospitali?"

"Wa mifupa yuko mjini. Nitakwenda."

"Na nani?"

Bi. Siwema alipanga upya vitambaa ambavyo vilikuwa vimepangwa. Kabla hajajibu, kidodosi kiliwaka ukutani.

"Habari za mchana, Bi. Siwema," kilisema, kwa sauti ambayo Pazi mwenyewe aliipiga msasa mpaka ikawa laini kama samli. "Mdogo wako Mwanaisha, wa Temeke, anataka kuja kwako. Je, unamhitaji?"

Pazi aliuona uso wa mama yake ukifungika, kama duka.

"Mwambie asijisumbue," alisema Bi. Siwema. "Mimi sijambo."

Taa ikazimika.

"Mbona umemkatalia mama mdogo?"

"Nimemkatalia mimi?" Mama aligeuka kwa ghafla hata akasahau mguu. "Mwanaisha tumelala kitanda kimoja mpaka naolewa. Leo anatuma sanduku liniulize kama namhitaji. Pazi, anayekutaka haulizi. Anakuja, anapiga hodi, anakukuta unafua, anakaa. Anayeuliza kama anahitajika anatafuta aambiwe hapana, apate kupumzika kwake. Mimi nikamwambia. Sitaki kuwa mzigo wa mtu."

"Haulizi yeye, mama. Inauliza mashine."

"Na Jumamosi zote hizo, aliyeuliza kwa jina lako alikuwa nani?"

Pazi akawaona tena wale wazee barazani na viatu vyao vya kutokea. Akamsikia Bi. Eliamani akisimulia: *utampikia nini*, na foleni ikafika Mbezi. Kumbe barabara haikusafishwa na hesabu za vijiendeshi. Jiji zima lilikuwa limesusiana. Kila nyumba imenuna kivyake, inasubiri hodi ambayo haiji. Shirika lilijua, au lilichagua kutojua, na Pazi hakuona tofauti ya haya mawili.

Alimweleza mama kila kitu. Bi. Siwema alisikiliza huku kichwa amekiinamisha upande, kama anayeonjeshwa mchuzi wa jirani.

"Ndivyo mnavyosema nyie wa Shirika," alisema mwishoni.

"Basi tujaribu. Jumamosi ijayo wakikuuliza, sema ndiyo, unanihitaji. Nitakuja na gari nikupeleke hospitali."

"Nimekuzaa ili nije nikuombe?"

"Ni neno moja tu, mama."

"Kama ni moja, lisemeni nyie mliolitunga." Akainuka kwa shida. "Kula. Usije ukasema ulifika kwetu ukarudi na njaa."

Alikula. Baadaye aliaga, akaitikiwa vizuri mno, kama wanavyoitikiwa wageni.

Alikuwa Kiluvya, anasukuma baiskeli mlimani na jua linaanza kulegea, kidodosi cha mkononi, kile cha walio njiani, kilipolia.

"Habari za jioni, Pazi. Mama yako, Bi. Siwema wa Kibaha, anataka kuja kwako. Je, unamhitaji?"

Pazi alisimama. Swali hilo alikuwa amelipiga msasa, amelirekodi, amelisikia mara zisizo na idadi, na kumbe hakuwa amewahi kuulizwa. Aliufikiria ule mguu, ngazi za kijiendeshi, safari ndefu kwa mtu anayeshika kuta. Mdomo ukaanza wenyewe, kwa mapenzi matupu:

"Mwambie asi..."

Akaung'ata ulimi. Kidodosi kilingoja kwa adabu, kama alivyokifundisha. Na kule Kibaha, ndani ya gari ambalo halijasogea, alingoja pia mwanamke mmoja aliyekuwa amekwisha kujiandaa kushuka.

"Ndiyo," alisema Pazi. "Namhitaji. Namhitaji sana."

"Ndiyo inatosha," kilisema kidodosi.

Kijiendeshi kilimkuta akiwa bado amesimama palepale. Mlango ukafunguka. Bi. Siwema alikuwa amevaa khanga mpya, na mguu ameulaza kwenye kiti cha pili.

"Panda. Na hiyo baiskeli ya watu itie nyuma, isije ikapotea tukatafutana ubaya."

Pazi alipanda, akaupakata ule mguu. Ulikuwa wa moto.

"Tunapitia hospitali," alisema mama akitazama nje. "Kwa kuwa tayari nakuja kwako."

"Sawa, mama."

"Umelisikia hilo swali lenu?"

"Nimelisikia."

"Na ulikawia kujibu. Nilikuwa nahesabu."

Gari liliteremka kuelekea mjini peke yake kwenye lami tupu, na kutoka Kibamba mpaka Mbezi wazee waligeuza shingo barazani, wakalifuata kwa macho, wakitaka kujua ni nyumba gani hiyo iliyosema ndiyo.