Upande wa Kivuva

Kimanzi, karani mwenzangu, alinisimulia haya huku chai yake ikipoa bila kuguswa. Ilikuwa 1998, huko Kaloleni. Alikuwa amemwoa Mbithe, mjane wa Kivuva, na ndani ya nyumba akakuta laptop kuukuu ya marehemu. Diski yake ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, kama chumba chao kilivyogawanywa kwa pazia. Ile ndogo haikuwa na jina. Kubwa iliandikwa KIVUVA.

"Futa unachotaka," Mbithe alimwambia, "lakini hiyo ya Kivuva usiiguse."

Neno hilo lilimchoma. Hata kwenye mashine, marehemu ana chumba kikubwa kuliko mume aliye hai!

Jumapili moja baada ya kanisa, mvua ikinyesha, Mbithe alijilaza nyuma ya pazia. Kimanzi akaanza kuipunguza sehemu ya Kivuva ili nafasi iwe yake. Stima ikapotea. Laptop ikaendelea kwa betri, diski ikikwaruza gizani kama kucha kwenye mbao. Hakusimamisha. Alimbana Kivuva hadi ikabaki nafasi ya mafaili ya marehemu tu, hata upenyo wa kupumua hakumwachia.

Mkwaruzo ukanyamaza. Nyuma ya pazia, kitanda kikalia kama kinachopandwa na mtu mzito.

"Sogea kidogo," Mbithe alisema kwa sauti ya usingizi. "Unanibana."

Kimanzi alikuwa bado kwenye stuli, mkono juu ya laptop. Kisha akamsikia mkewe akicheka, kicheko laini ambacho hakuwahi kukisikia tangu amwoe.