Nzuri, Ila Jino

Kila asubuhi mke wa fundi baiskeli alikwenda bombani na ndoo mbili. Na kila asubuhi majirani walimsalimu.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na fundi, hajambo?"

"Nzuri."

Basi wakambandika jina: Bi Nzuri. Hawakuwa na ubaya. Foleni ya maji ni ndefu, na midomo haiwezi kukaa bure.

Bi Nzuri alikuwa mgeni. Alizaliwa mbali, kwenye lugha nyingine, akaolewa huku miezi mitano iliyopita. Kwao alikuwa msemaji hodari. Watu wa ukoo wakigombana, yeye ndiye aliyeitwa kuwapatanisha. Huku alikuwa na maneno matatu tu: nzuri, asante na karibu. Kusikia, alisikia kidogo kidogo. Kusema ndiko kulikomshinda.

Mwalimu wake alikuwa mumewe. Fundi alijua kunyoosha rimu iliyopinda hata ukadhani imetoka dukani. Akajiona anaweza kufundisha lugha pia.

"Kiswahili ni mteremko, mke wangu," alimwambia kwa lugha ya kwao, ambayo ndiyo waliyoongea nyumbani. "Huna haja hata ya kukanyaga pedali. Wakikuuliza habari, jibu nzuri. Umemaliza."

Siku moja fundi alisafiri kwenda kununua vipuri. Angerudi baada ya siku tatu. Sijui jino lilimsikia akiaga? Maana hakufika mbali, jino la nyuma la mkewe likaanza kuuma. Siku ya pili shavu la kushoto lilivimba. Bi Nzuri hakuweza kutafuna, na homa ilianza kumnyemelea. Akaogopa kweli. Alijua kwamba jino lililooza likiachwa, usaha huweza kusambaa na kumlaza mtu kitandani.

Akajifunika mtandio mpaka chini ya macho, kwa aibu ya lile shavu. Akaenda hospitali.

Muuguzi wa dirisha la mapokezi alikuwa mtu wa haraka.

"Habari yako, mama?"

"Nzuri."

"Unajisikiaje?"

"Nzuri."

"Basi hukuja kutibiwa. Umekuja kumwona mgonjwa?"

"Nzuri," alisema Bi Nzuri. Kisha akaongeza, ili mambo yaende mbele, "Asante."

"Fuata korido, mlango wa mwisho. Wahi, muda wa kuwaona unakwisha!"

Bi Nzuri alifuata kidole cha muuguzi. Alidhani anaelekezwa kwa daktari wa meno. Akaingia chumba chenye vitanda sita. Kwenye kitanda cha dirishani alilala mzee mmoja, mguu wake umefungwa plasta kubwa. Mzee alipomwona, uso wote ulichangamka.

"Karibu, mwanangu! Karibu ukae! Wiki nzima sijapata mgeni."

Neno karibu alilijua. Akakaa.

"Nilipanda ngazi kubadilisha balbu," mzee alianza. "Nikaanguka. Mguu umevunjika mahali pawili."

"Nzuri," alisema Bi Nzuri.

Mzee akamkazia macho. "Nasema pawili!"

"Nzuri."

"Na wameniambia nitalala hapa mwezi mzima!"

"Nzuri. Asante."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mgonjwa mmoja aliyeshonwa tumbo alishika mshono wake akilia, "Mtoeni huyo mama, ataniua!" Mzee peke yake hakucheka. Aligeukia ukutani.

Bi Nzuri hakujua amekosa nini. Lakini kuchekwa hakuhitaji mkalimani. Akatoka mbio, akarudi nyumbani na jino lake.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa msusi. Siku hiyo alikuwa uani, anamsuka mteja, na alikuwa amemwona Bi Nzuri akishika njia ya hospitali. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa tayari, upande wa pili nywele zimesimama wima.

"Bi Nzuri, habari za huko?"

"Nzuri," alisema Bi Nzuri. Machozi yakamtoka.

Msusi akaweka kitana chini. "Nzuri gani hii inayolia?"

Bi Nzuri akashusha mtandio. Msusi akaliona shavu. Mteja naye akaliona, akapiga ukelele.

"Mungu wangu! Na hospitali umewaambia nini?"

"Nzuri."

Msusi hakucheka. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya vichwa vya watu saa nne nzima na kusikiliza. Alijua watu wanavyosema.

"Sikiliza, dada," alisema polepole, akionyesha kwa mikono. "Mumeo hakukudanganya, ila alikufundisha nusu. Sisi tukiulizwa habari, tunajibu nzuri hata kama nyumba inawaka. Ni adabu. Halafu ndipo tunasema ila. Habari yenyewe inakaa nyuma ya ila. Tazama."

Akajitupa chini uani, puu! Mteja akamwuliza, "Habari, dada?" Msusi akajibu akiwa kifudifudi, "Nzuri, ila nimeanguka!"

Bi Nzuri akacheka, kisha akashika shavu kwa maumivu.

"Sasa wewe. Habari?"

"Nzuri… ila…"

"Ninaumwa hapa," msusi alimsaidia, akigusa shavu lake mwenyewe. "Ukishasema ninaumwa hapa, onyesha kwa kidole. Kidole hakikosei. Na wakikuambia jambo usilolielewa, usiseme nzuri! Sema, sijaelewa, sema polepole tafadhali. Hakuna aibu. Aibu ni kutibiwa ugonjwa wa mtu mwingine."

Wakafanya mazoezi hadi jua likashuka. Mteja akawa muuguzi. Akawa mkali kuliko muuguzi mwenyewe, na akasahau kabisa kwamba upande mmoja wa kichwa chake bado haujasukwa.

Asubuhi yake, hospitali, dirisha lilikuwa lile lile.

"Habari yako, mama?"

"Nzuri."

"Ahaa, mama wa jana! Wodi unaijua, pita tu." Muuguzi akageukia mtu wa nyuma.

Bi Nzuri akashika kingo za dirisha kwa mikono miwili.

"ILA!"

Foleni nzima ikageuka.

"Ila ninaumwa hapa," alisema. Akashusha mtandio, akaonyesha kwa kidole.

Muuguzi akashtuka, akamwaga maneno: andika jina, chukua kadi, chumba namba tatu, umekula, una mzio wa dawa?

"Sijaelewa," alisema Bi Nzuri. "Sema polepole, tafadhali."

Muuguzi akaona haya. Akatoka nyuma ya dirisha lake, akamshika mkono, akampeleka mwenyewe chumba namba tatu. Daktari akampa dawa za usaha. Baada ya siku chache, uvimbe ulipopungua, jino likang'olewa.

Fundi aliporudi safari, jino likiwa bado halijang'olewa, alisimama mlangoni, mfuko wa vipuri begani.

"Habari za nyumbani, mke wangu?" aliuliza kwa Kiswahili, kwa mzaha.

"Nzuri," alijibu mkewe. "Ila ninaumwa hapa. Ila wewe mwalimu, nusu!"

Fundi akatua mfuko. Alipokwisha kusikia habari yote, akaenda kubisha hodi kwa msusi. Kuanzia siku hiyo, kila jioni, walikaa kwa msusi na kujifunza wote wawili: mke maneno, na mume jinsi ya kufundisha.

Siku ya kung'oa jino ilipopita, Bi Nzuri alikuwa na safari moja iliyobaki. Alirudi hospitali na machungwa manne. Hakusimama dirishani. Alifuata korido mpaka mlango wa mwisho.

Mzee alikuwa anatazama ukuta. Wagonjwa wengine walipomwona mgeni, wakaanza kubana vicheko.

"Pole, babu," alisema Bi Nzuri. "Habari yako?"

Mzee akageuka. Akamtambua. Akajibu kwa ubaridi, "Nzuri."

Bi Nzuri akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda.

"Ila?" aliuliza.

Mzee akajiinua kwenye mto. Kisha akaanza kueleza. Bi Nzuri alimenya chungwa, akamsikiliza mpaka kengele ya wageni ikalia.