Sufu ya Kuchomwa

Gerishon alifika kwa Mama Nyakio, mtaani Spring Valley, saa kumi na mbili kasoro jioni, makasi ya kunyolea kondoo yamo kwenye gunia. Kondoo alikuwa mmoja tu, jike wa marehemu mama mkwe wa Mama Nyakio. Marehemu aliacha sharti: kondoo akinyolewa, sufu yote ichomwe hapohapo.

Mwaka jana Gerishon alichoma nusu. Jamani, mtu aliyeishi na kondoo maisha yake yote ataitiaje moto sufu nyeupe vile? Iliyobaki alimpelekea mkewe Naliaka, kule mtaa wa Satellite, naye akaisokota na kujifumia sweta.

Alimkalisha kondoo kitako, akambana kwa magoti, akaanza tumboni. Krich... krich... Kondoo akafurukuta. Makasi yakampasua kwapani, damu ikaruka.

Simu ikalia, akaipokea kwa spika.

"Baba Debra," Naliaka alinong'ona. "Nimekatika kwapani. Na sijashika kisu..."

Gerishon alilitazama kwapa la kondoo.

"Vua sweta."

"Nimejaribu. Inakuja na ngozi."

"Kumbe uliibakisha," Mama Nyakio alisema nyuma yake. "Mume wangu alijazia mto sufu hiyo. Kondoo akavunjika mguu zizini, yeye akavunjika kitandani. Huyu akifa, Gerishon..."

Hakumaliza. Mlinzi alikuwa ameshafungulia mbwa kama kila jioni, na damu ilikuwa inanuka.

Wakaja wawili. Wa kwanza alimdaka kondoo paja, na kutoka kwenye simu iliyoanguka majanini Naliaka akapiga yowe. Gerishon akamchoma yule mbwa kooni kwa makasi. Mara moja, mara tatu, mpaka taya zikaachia. Wa pili akamng'ata mkono. Akamlalia kondoo, akachoma huku amefumba macho.

Mbwa wa pili naye akalegea.

Alimshona kondoo kwanza, mkono wake baadaye.

"Damu imekoma," simu ikasema.

"Mchukue," Mama Nyakio akamwambia. "Simtaki tena hapa."

Alimbeba mabegani hadi Satellite. Naliaka alifungua mlango akichechemea, paja limefungwa leso. Walikuwa hai wote wawili, naye Gerishon akalia bila aibu.

"Ana miaka mingapi?" Naliaka aliuliza.

Gerishon alimfunua kondoo mdomo. Mbele yalibaki meno mawili, yanacheza. Kondoo mzee wa meno hayo hamalizi mwaka.

"Bado mdogo," akamwambia mkewe, kisha akatoka kumtafutia nyasi laini.