Khainza na Swali la Barabarani

Khainza alinyoosha mkono katikati ya barabara, pale Bugembe, karibu na Jinja. Lori likafunga breki. Kabla hajafungua mdomo, dereva alikwisha kushuka, leseni mkononi, kofia ameivua.

"Karatasi zote ziko, afande."

"Mimi si afande. Unatoka wapi? Unaenda wapi?"

"Natoka hapo nyuma, naenda hapo mbele."

Vijana wa baiskeli wakacheka. "Afande bila bunduki!" mmoja akapaza sauti.

Ndivyo ilivyokuwa tangu asubuhi. Madereva walimwogopa, wakamdanganya, wakaondoka.

Mwaka huo wa 1988, Khainza alikuwa mwanafunzi wa uinjinia katika chuo kikuu. Kwao ni Mbale. Alitaka kuwa injinia wa usafiri, lakini hakujua aanzie wapi. Mwalimu wake alimwambia, "Usingoje kumaliza masomo. Omba kujifunza kazini likizo hii." Basi alipeleka barua ya chuo kwa Injinia Waiswa, mjini Jinja. Waiswa alikuwa anapanga kutengeneza barabara zilizoharibika wakati wa vita. Nafasi ilikuwa ya mwanafunzi mmoja, na leo ilikuwa siku yake ya majaribio. Asipopata majibu ya kuaminika kuhusu safari za magari, angerudi nyumbani.

Muda si mrefu Waiswa alifika kwa pikipiki.

"Wananidanganya, bwana," Khainza alisema. Machozi yalikuwa karibu.

Waiswa hakukasirika. "Unawasimamisha barabarani, unawauliza kwa Kiswahili wanatoka wapi na wanaenda wapi. Miaka yote hii, nani mwingine aliuliza hivyo?"

Khainza alimkumbuka baba yake kwenye kizuizi cha barabarani, akijibu swali hilohilo, kofia ameivua.

"Askari," alisema. "Na Kiswahili hapa ni lugha yao."

"Basi tuhame. Huwezi kumpangia mtu barabara kama hujui safari yake. Anza kwa kutaja jina lako. Mweleze kazi yetu. Mwulize kwanza njia inamtesa wapi. Na usiandike namba ya gari lake."

Walikwenda kwenye kibanda cha chai ambapo malori hupumzika. Yule dereva alikuwa pale, anakula chapati.

"Naitwa Khainza, mwanafunzi. Tunataka kutengeneza barabara. Inakutesa wapi zaidi?"

Dereva alicheka. "Kumbe! Mimi Cleophas, wa Busia upande wa Kenya. Kaa, dada. Uliza ni wapi hainitesi!"

Alikuwa amebeba chumvi kutoka Mombasa. Nusu aliishusha Mbale, nusu ilikuwa ya Jinja.

"Na ya Soroti, kaskazini ya kwetu?" Khainza aliuliza.

"Nani atapeleka lori Soroti? Huko bado wanapigana. Naishusha Mbale, watu wa baiskeli wanaichukua, wanapita Nakaloke, njia ya Soroti, gunia mojamoja. Mvua ikinyesha, mmoja anabeba gunia, mwenzake anabeba baiskeli."

Khainza aliduwaa. Alikuwa ameila chumvi hiyo tangu utotoni. Hakuwahi kufikiri ilivuka Kenya nzima ili imfikie.

Waiswa alitandaza ramani mezani. Kila dereva alipojibu, Khainza alichora mstari kutoka safari inapoanza hadi inapoishia. Mistari ililaliana, ikanenepa kama mizizi ya mvule inavyokutana shinani. Hata Cleophas aliacha chai yake ikapoa.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Sisi wote hao?"

Khainza alipitisha kidole juu ya ramani. Kilifika Mbale, kikasimama.

"Bwana, hapa mistari inakatika. Watu wa baiskeli hawamo. Tumeuliza magari tu."

Waiswa aliinamia ramani. "Hilo mimi sikuliona," alisema.

"Hii ndiyo kazi yenyewe?"

"Ndiyo mwanzo wake. Kuna udongo, mifereji na madaraja. Lami inakuja mwisho. Likizo hii jifunze kuuliza na kupima. Ukirudi chuoni, chagua masomo ya usafiri, na mradi wako wa mwisho uhusu barabara ya kweli. Ukihitimu, fanya kazi chini ya injinia aliyesajiliwa, mpaka nawe usajiliwe."

"Kwa hiyo nabaki?"

"Kesho unakwenda Nakaloke kuuliza watu wa baiskeli. Mimi Lugisu, lugha ya kwenu, sijui. Wewe utaongoza."

Jua lilikuwa linashuka. Kwenye ramani, kaskazini ya Mbale, karatasi ilikuwa bado nyeupe. Khainza aliitazama sana nafasi ile. Sasa alijua kwamba imejaa watu.